Mbwa Anayeitwa Mukubwa

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita, 2024

Nimepata kazi! Yaani, karibu nipate. Bado kitu kimoja kidogo.

Leo mkutano wa wakulima wa mpunga, kwenye depo, ghala la koperative, hapa Kasongo. Mama Dieudonnée, prezida wa koperative, alisema mavuno yanaingia na depo haina mlinzi. Anataka mtu mwenye mbwa. Mbwa aliyefundishwa, anayetii. Katembo, fundi wa pikipiki, alinyoosha mkono kabla mama hajafunga kinywa. Mbwa wake anaitwa Tigre. Alimleta kutoka Butembo juu ya mizigo ya lori, na tangu siku hiyo mtaa mzima hatupumui. Tigre amekula. Tigre amelala. Tigre ametoa mguu kusalimia watu.

Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema hata mimi nina mbwa. Mkubwa. Anatii kuliko mtoto wa shule. Prezida akaandika jina langu, Théophile, chini ya jina la Katembo. Akasema tuje wote wawili Jumamosi ya tarehe 15, na mbwa wetu, ili achague.

Siku kumi na mbili. Mbwa sina.

Francine, mke wangu, aliuliza mkutano ulikuwaje. Nilisema mzuri sana.

Jumanne, tarehe 4

Mbwa ninaye! Nimempata kwa Héritier, mchoma matofali. Mbwa wake jike alizaa sita, watano wameshachukuliwa. Aliyebaki ana miezi miwili na nusu na anaenea ndani ya kofia yangu. Nilimpima. Mkia tu unabaki nje.

Njiani nilifikiri sana. Nilimwambia prezida nina mbwa mkubwa. Mimi si mwongo, ninaimba kwaya. Kwa hiyo nimempa jina: Mukubwa. Sasa nina mbwa Mukubwa. Dhamiri safi.

Francine alimtazama, akanitazama, akamtazama tena. Ilibidi nimweleze yote. Alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akaacha kucheka. Akasema nyumba hii imeshaona mizinga ya nyuki isiyo na nyuki, imeshaona na biashara ya vinywaji baridi bila umeme. Mbwa akileta matata, Jumapili ya tarehe 16 atapandishwa pikipiki kwenda Wamaza, kwa mjomba wa Francine anayewinda. Nilisema sawa. Hata hutajua kama yupo.

Amekula kiatu changu cha kushoto.

Jumatano, tarehe 5

Mama mkwe amefika! Mama Consolée, kutoka Wamaza. Siku mbili juu ya pikipiki na goti limevimba kama papai. Atatibiwa hospitali, atakaa nasi mwezi mzima au zaidi. Sikuambiwa. Francine anasema aliniambia mara tatu.

Mukubwa alimpokea kwa kukojolea furushi lake.

Hapa kuna shida nzito. Mbele ya mama mkwe kuna maneno ambayo mtu mwenye adabu hayatamki. Nitamfundishaje mbwa kwenda haja nje, na mama ameketi mlangoni siku nzima na goti lake? Nilimbeba Mukubwa mpaka nyuma ya jikoni, nikamnong'oneza sikioni. Hakufanya kitu. Nikamrudisha. Akafanya, karibu na miguu ya mama. Nikamwambia kwa sauti ya heshima: "Mukubwa, kile kitu, kule."

Mama alitazama paa. Mabega yake yalitetemeka. Nadhani ni uchovu wa safari.

Alhamisi, tarehe 6

Kwa Dokta Chadrack, dokta wa wanyama, kwa sindano ya kichaa cha mbwa. Sindano ilikuwa ya Mukubwa, lakini aliyepiga kelele ni mimi.

Dokta alisema huu ndio umri wa kuijua dunia. Avione vyote sasa: watu wa kila aina, pikipiki, mbuzi, kelele, ili akikua asiogope wala asiume. Akaendelea kusema kitu kuhusu polepole na kidogo kidogo, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nikaaga.

Alasiri, somo la kwanza. Nilisema "Kaa!" mara arobaini. Aliyekaa ni mimi, kwa kuchoka. Halafu nikatoa kipande cha samaki mkavu. Akakaa! Nikampa. Akakaa tena. Nikampa. Mwanafunzi wa ajabu! Wakati wa kula, Francine alifungua sufuria akauliza samaki wako wapi. Mukubwa alikaa mbele yake, vizuri kabisa, mgongo umenyooka.

Tumekula ugali na chumvi. Mama mkwe naye.

Ijumaa, tarehe 7

Aibu.

Bwana Kasimu, jirani yetu, fundi wa kushona, alipita mbele ya kwetu akienda swala ya Ijumaa. Kanzu nyeupe, pasi imenyooka, ameshatawadha. Mukubwa akakimbia kumsalimia. Kwa miguu yote minne na kwa ulimi.

Ilibidi arudi nyumbani, anawe upya, abadili nguo. Alichelewa. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Baadaye alisimama kando ya njia akaniambia: "Papa Théo, mimi sina vita na kale kambwa. Mungu ndiye alikaumba. Lakini mutu akiisha kutawaza, kasimuguse. Ukafundishe tu." Miaka kumi na moja majirani. Yeye ndiye alishona gauni la ndoa la Francine. Nilijibu ndiyo Bwana Kasimu, ndiyo Bwana Kasimu, mpaka akaondoka na mimi bado naitika.

Mpango! Alasiri nilijifunga shuka jeupe la Francine, likashuka mpaka miguuni kama kanzu, nikapita mlangoni kwa mwendo wa utulivu. Ili azoee. Mukubwa alidhani ni mchezo.

Sasa tuna mashuka mawili, kila moja nusu. Mama mkwe alijifunika uso kwa kikwembe chake kwa muda mrefu.

Jumamosi, tarehe 8

Dokta alisema avione vyote. Basi vyote, asubuhi moja! Nilimpeleka soko kubwa.

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nilimfunga kamba, tukaingia katikati ya watu. Kwa wauza nyama alianza kutetemeka. Pikipiki ikapiga honi nyuma yetu. Mtu akaangusha bati. Bata wawili waliofungwa miguu wakapiga mabawa usoni pake. Kamba ikanitoka mkononi. Akaingia chini ya meza ya Mama Faida, anayeuza sombe, yaani majani ya muhogo, akajibana nyuma ya vikapu.

Nilimwita. Nilimwonyesha samaki. Nilipiga magoti katika majani ya sombe, mbele ya soko lote, saa mbili nzima. Watu walidhani ninaomba msamaha kwa Mama Faida, wakaanza kumsihi anisamehe. Yeye akainama, akauliza nilimpata lini, halafu akaniambia: "Papa, mutu akutoe kwa mama yako, siku ine tu, halafu akutupe kati ya soko, wewe ungetoka?"

Nikapeleka mkono polepole mpaka nikamgusa. Moyo wake ulikuwa unakwenda kama cherehani. Nikamweka ndani ya shati, tukarudi kwa miguu, kwa njia ya nyuma isiyo na pikipiki. Alinikojolea tumboni. Nikaendelea kumshika tu.

Jumapili, tarehe 9

Sasa anaogopa kila kitu. Kikapu. Ufagio. Kuku. Mimi nikivaa kofia.

Baada ya kanisa Katembo alipita na Tigre, mnyororo unang'aa. Alichungulia chini ya kiti ambako Mukubwa alikuwa amejificha, akaniuliza kwa sauti ya mtaa mzima: "Papa Théo, hii iko mbwa ao iko panya?" Nilimwambia aina hii ya mbwa hukua ghafla. Alicheka mpaka kwake, nilimsikia njia nzima.

Francine hakucheka. Alisema mjomba ameshapata habari, na motari, dereva wa pikipiki ya kwenda Wamaza, atapita Jumapili ijayo, asubuhi. Nilisema bado nina siku sita. Alinitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe.

Jumanne, tarehe 11

Mabadiliko! Njia yangu mpya inafanya kazi!

Nimeandika kanuni kumi kwenye karatasi, na kila asubuhi namsomea Mukubwa kwa sauti, mara mbili. Kanuni ya kwanza: Usiogope. Ya pili: Usirukie watu. Na kadhalika. Namsomea, halafu natoka kwenda kutafuta vibarua, na nikirudi namkuta mbwa mwingine!

Leo saa sita nilimkuta ameketi mlangoni kando ya mama mkwe, ambaye anamenya karanga zake kama kawaida. Mtu akipita, mama anamsalimia, anamwomba asimame kidogo mbali kule, halafu anasema neno moja la Kibangubangu, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Mukubwa anakaa. Mama anampa punje ya karanga. Mtu anasogea hatua moja. Punje. Hatua nyingine. Punje. Alifanya hivyo na mtu wa baiskeli, na mama mwenye beseni kichwani, na mbuzi wa jirani. Na Bwana Kasimu mwenyewe, amesimama ng'ambo ya njia, kanzu imekunjwa mkononi, anacheka na kuuliza kama aje hatua nyingine.

Mazee wanapenda kujichezea. Simkatazi. Mama wa watu anajisahaulisha goti.

Lakini ni ajabu namna kanuni kumi zinavyomwingia yule mbwa.

Alhamisi, tarehe 13

Tabia iko. Sauti ndiyo haiko. Mukubwa akibweka ni kama mlango unaotaka mafuta.

Mpango! Nilipita nyuma ya gereji ya Katembo, nikajificha kando ya matairi, nikarusha kijiwe. Tigre akabweka mpaka bati zikalia. Nikanasa yote kwenye telefone. Jumamosi telefone itakuwa mfukoni, mimi nabonyeza, Mukubwa anafungua kinywa. Nani atajua?

Nilimsikilizisha Mukubwa nyumbani ili ajifunze lini afungue kinywa. Aliingia ndani ya furushi la mama mkwe na hakutoka mpaka alasiri. Mama alinitazama, kwa mara ya kwanza moja kwa moja usoni, akasema: "Mukwe wangu, wewe uko mutu muzuri. Lakini uache mutoto apumue." Nilishukuru kwa kusifiwa.

Ijumaa, tarehe 14

Kesho. Nimemwogesha Mukubwa. Nimempaka mafuta ya mawese ili ang'ae. Kuku wamemfuata siku nzima.

Kuna kitu sikumwambia Francine. Tangu soko, mbwa huyu akinisikia nakohoa mlangoni anakuja kulaza kidevu juu ya mguu wangu. Ule mguu usio na kiatu. Nikifikiri juu ya pikipiki ya Wamaza, siuondoi mguu hata ukifa ganzi. Sasa si kazi peke yake ninayoitaka.

Jumamosi, tarehe 15

Niandike taratibu, maana mambo ni mengi.

Depo ilijaa. Wakulima wanashusha mpunga, baiskeli zimepangwa, akina mama wenye mabeseni. Bwana Kasimu yuko kwenye kivuli, koperative imemwita kushona midomo ya magunia. Prezida Dieudonnée amesimama kando ya mizani. Francine naye alikuja, na mama mkwe juu ya pikipiki, eti anataka kuona mji.

Katembo alianza. Lazima niseme ukweli: Tigre ni mbwa. Kaa, akakaa. Lala, akalala. Watu wakapiga makofi. Lakini makofi yenyewe hakuyapenda, hajawahi kuwa kati ya watu wengi namna ile. Akageuka akabweka. Mama mmoja akatupa beseni na kukimbia, mpunga wote chini. Wengine wakamfuata. Watu wa baiskeli wakaangukiana. Prezida mwenyewe alipanda juu ya mizani, na mizani ikasema uzito wake mbele ya wanachama wote. Katembo akavuta mnyororo kwa mikono miwili, akaomba radhi, akampeleka Tigre nje. Aibu ilimjaa mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza sikufurahi kumwona hivyo.

Zamu yangu.

Nilimtoa Mukubwa kwenye kofia. Halafu kicheko kilianza kwa nyuma kikaja mbele. Prezida akashuka kwenye mizani, akauliza yuko wapi yule mbwa mkubwa. Nikasema ni huyu, Prezida, ndilo jina lake. Kicheko kikaongezeka. Nikasema "Kaa!" Mukubwa akanusa mguu wangu. "Kaa, kanuni ya tatu!" Akajikuna. Nikaona nisipoteze muda, nikaingiza mkono mfukoni, nikabonyeza.

Mukubwa alikuwa anapiga miayo. Kubweka kulitoka kwenye suruali yangu. Kukaendelea. Kitufe cha kuzima kilikataa. Nje, Tigre alijisikia mwenyewe, akajijibu. Watu walishika mbavu. Mukubwa akaanza kurudi nyuma, mkia chini, kama siku ile sokoni, na mimi nikajua: pikipiki ya Wamaza. Nikatupa telefone ndani ya ndoo ya maji. Ikanyamaza. Sikujali.

Ndipo mama mkwe, kule alikoketi na mguu wake umenyooshwa, akasema lile neno lake moja. Chini chini tu.

Mukubwa akakaa.

Akasema jingine. Mukubwa akatembea kati ya wale watu wote, magunia, baiskeli, mabeseni, akaenda kukaa kando ya mguu wake. Hakumrukia mtu. Akina mama wakarudi mmoja mmoja kuzoa mpunga wao, wakipita karibu naye kabisa, na yeye anawatazama tu. Bwana Kasimu alisimama na kanzu yake, akapita mbele yake, akageuka akapita tena. Hata unywele haukumgusa. Akaniinulia kidole gumba kutoka mbali.

Halafu mbuzi akaja. Sijui wa nani. Alipita nyuma ya mizani na kuzamisha kichwa ndani ya gunia lililofunguka. Katika ghasia hakuna aliyemwona. Mukubwa alimwona. Akasimama, akabweka kwa ule mlango wake usio na mafuta, akasogea, akabweka, na hakuacha mpaka mbuzi alipotoa kichwa na kwenda zake na mpunga kwenye ndevu.

Prezida hakucheka tena. Alimwendea mama mkwe, akachuchumaa mbele yake, akauliza nani alimfundisha. Nikafungua kinywa. Francine akanikanyaga mguu, ule usio na kiatu.

Mama akasema mbwa si kitu cha kufundisha kwa haraka. Unamwonyesha mutu mumoja, anaona huyu hana ubaya, unamwonyesha mwingine. Kwao Wamaza mama yake alifanya vile. Basi.

Prezida aliamua palepale. Usiku anataka mbwa wa kuogopwa: Katembo na Tigre. Mchana anataka mbwa wa kukaa na watu, maana wanachama wanakuja mchana, na mbuzi pia. Kwa hiyo mlinzi wa mchana, mpaka goti litakapopona na zaidi akipenda, ni Mama Consolée pamoja na Mukubwa. Mama ataketi kwenye kiti, kivulini. Na kwa kuwa hawezi kutembea sana, atahitaji mtu wa kupanga magunia, kufagia na kumletea maji.

Mtu huyo ni mimi! Nimepata kazi!

Katembo alikuja kunipa mkono. Alisema hajawahi kusikia suruali inabweka vizuri vile. Tulicheka pamoja, nikamwambia sauti ilikuwa ya Tigre. Akasema aliijua, hakutaka tu kunimaliza mbele ya watu. Si mtu mbaya, Katembo.

Nyumbani Francine alimpigia mjomba simu. Alimwambia motari apite tu, hakuna mzigo. Halafu akampa Mukubwa samaki mzima, pamoja na kichwa chake.

Jumanne, tarehe 18

Sifa zimefika mbali! Jana alipita depo kijana mmoja mnunuzi wa dhahabu, Junior, anayefanya kazi upande wa Kabambare. Alimtazama Mukubwa muda mrefu, akauliza nani mwalimu wake. Mama mkwe alikuwa amekwenda hospitali kuonyesha goti. Francine hakuwa karibu na mguu wangu.

Nikasema ni mimi.

Akasema ana mbwa wawili, wanalinda nyumba yake, wakali kidogo, anataka watulizwe. Nikasema walete, siku tatu zinatosha. Sikuuliza ukubwa. Mwalimu wa kweli haangalii ukubwa.

Wamefika leo saa nne asubuhi, hapa nyumbani; depo nimeomba ruhusa. Nimechonga na ubao: THÉOPHILE, MWALIMU WA MBWA. Nilikusudia kuanza na kanuni ya kwanza, nikasimama mbele yao na kaye yangu, daftari hili, nikasema "Usiogope." Sijui nani kati yetu niliyekuwa namwambia.

Sasa ni saa saba. Naandika nikiwa juu ya paa la jikoni. Bati lina joto. Wanafunzi wako chini, wanazunguka. Mmoja ana kipande cha suruali yangu, lakini hakitafuni kwa hasira, anakishika tu.

Francine amefungua dirisha kidogo, akauliza kama amwite mama kutoka depo. Nimemwambia asimsumbue, somo linakwenda vizuri.

Na kweli, huyu mweusi ameketi. Sikumwambia aketi, lakini ameketi, ananitazama bila kupepesa. Siku ya kwanza tu!

Kesho nitawaambia wale kina mama wa kwaya walete na mbwa wao.